Tangi la Mita Kumi na Nne

Nikishika kikokotoo cha mtu yeyote, hata kile kilichomo ndani ya simu ya mjukuu wangu, jambo la kwanza ninalofanya ni kukiuliza sini ya nyuzi thelathini. Kikinijibu nusu, nashusha pumzi na kuendelea. Kikinijibu kitu kingine, namrudishia mwenyewe hapohapo. Mjukuu wangu hunicheka. "Bibi, simu haiwezi kukosea!" Namwambia ni kweli, simu haikosei, anayekosea ni aliyeiuliza, na anayeadhibiwa ni mtu wa tatu ambaye hakuwepo.

Ninyi walimu vijana wa hisabati mlinialika kwenye mafunzo yenu kule Msalato, mkanikalisha mbele, mkanipa maji ya chupa. Niliona mambo. Niliona dunia ikizunguka ukutani, mistari yake ya latitudo inawaka rangi, na kijana wenu anaigusa kwa kidole inasimama. Kisha mkaniomba niseme maneno mawili kuhusu zana za kufundishia mada ngumu. Nilisema matatu nikakaa. Haya ndiyo niliyoshindwa kuyasema, na nayaandika sasa kwa sababu mwanafunzi wangu mmoja wa zamani amenitembelea sana mawazoni tangu siku ile.

Jina langu la shule lilikuwa Madam Wasiwasi. Msidhani silijui, nililisikia mwaka wa kwanza tu. Nilikuwa nahesabu karatasi za majibu mara tatu. Nilikuwa nafunga kabati, nafika getini, narudi kuangalia kama nimelifunga, na wanafunzi wamejaa madirishani wanahesabu safari zangu. Nimetoka Upare, ambako maji hushuka yenyewe mlimani. Nikaletwa Dodoma ambako kinachotembea chenyewe ni vumbi. Nilikuwa naogopa kila kitu: mkaguzi, chaki kuisha, swali ambalo sitalijua. Waswahili wanasema wasiwasi ndiyo akili. Basi mimi akili hiyo nilipewa kwa debe, na siku niliyoiweka chini ndiyo siku niliyoharibu.

Lakini ngojeni, nianze na mwalimu wangu. Maana nilikuwa na shahada ya ualimu, ila aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Ndahani, Mgogo mrefu mwenye koti moja, aliyekuwa mkuu wa idara yetu ya hisabati. Akiingia darasani anasalimia "Mbukwenyi!" na darasa zima, hata watoto wa wafanyakazi wa serikali waliotoka Bukoba na Mtwara, wanaitikia Kigogo. Halafu ndipo Kiingereza kinaanza, kwa sababu sheria ilitaka hisabati ya sekondari ifundishwe kwa Kiingereza, na halafu taratibu Kiswahili kinarudi kupitia mlango wa nyuma, kwa sababu watoto walitaka kuelewa.

Kuna mada ile ya dunia kama tufe, mnaijua. Ndiyo iliyokuwa ikiwaua wanafunzi wangu. Nikaazima projekta chuoni, ile ya zamani yenye taa chini na kioo juu, unaiwekea karatasi ya nailoni uliyoichora. Nilichora siku mbili. Nikabandika shuka ukutani. Umeme ukakatika. Nikasubiri, umeme ukarudi, picha ikatokea safi kabisa, mduara na mistari yake. Nikaeleza nusu saa. Mwishoni msichana mmoja akanyoosha mkono kwa adabu zote: "Madam, sasa kwa nini dunia ni sahani?"

Nilikwenda kwa Mwalimu Ndahani nikiwa karibu kulia. Akanisikiliza, akasema, "Projekta yako nzuri, mwanangu. Ila umewaonyesha kivuli cha kitu ambacho hawajakishika." Kesho yake akaja na kibuyu cha mviringo na kamba ya katani. Akakizungushia kibuyu kamba tumboni, akaikata. Akazungushia nyingine juu karibu na shingo, akaikata. Akawapa wanafunzi kamba zote mbili wazishike. "Mtu anayezunguka dunia hapa, na mtu anayezunguka huku juu, nani anachoka zaidi?" Darasa lilicheka, na mada ikaingia. Baadaye tukawasha projekta, na safari hii ile sahani wote waliiona ni kibuyu. Kwa hiyo sikuwa nazichukia mashine, na leo sizichukii. Ile dunia yenu ya ukutani ni nzuri mno. Wapeni kwanza chungwa.

Mwalimu Ndahani alikuwa na sharti moja lililowachosha wanafunzi, na kunichosha mimi zaidi. Kabla ya kukokotoa chochote, uandike pembeni kwa penseli jibu ambalo jicho lako linalidhania. Aliliita kadirio. Mti huu una urefu gani? Tazama, andika. Kisha ndipo ufungue majedwali, kile kitabu chembamba cha tanjenti na logi, ukokotoe. Jibu likija mbali na kadirio, husongi mbele. Unarudi mwanzo kutafuta nani kati ya jicho na mkono amekudanganya. Mwanafunzi asiye na kadirio pembeni alipewa sifuri hata kama jibu ni sahihi. Tulisahihisha hivyo miaka na miaka.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ninyi hamkuijua Dodoma ya kabla yake, ya foleni ya sabuni. Ghafla maduka ya mjini yakajaa: redio, baiskeli, vitambaa, na vikokotoo vimening'inizwa kwenye nailoni kama vipande vya samaki. Nikanunua kimoja, kile cha wanasayansi chenye vitufe arobaini na kitu. Sikulala vizuri wiki ile kwa furaha. Jamani, tanjenti ya nyuzi thelathini na tano kwa kubonyeza mara tatu tu! Kazi ya jioni nzima ikawa ya robo saa. Nilitengeneza karatasi ya majibu ya mazoezi yote, nikasahihisha daftari bila kurudia, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilifunga kabati nikaenda nyumbani moja kwa moja. Ule wasiwasi wangu ulihama. Ulihamia kwenye vumbi tu: niliogopa vumbi la Dodoma lisiingie kwenye vitufe, kwa hiyo kila jioni nilikifuta kikokotoo changu kwa pindo la kanga, taratibu, kitufe baada ya kitufe.

Na kadirio nikaliacha. Mwalimu Ndahani, aliyekuwa anamalizia miezi yake kabla ya kustaafu, alipitia daftari za darasa langu akaniuliza, "Kadirio liko wapi?" Nikamjibu, na bado nayasikia maneno yangu, "Mwalimu, hayo mambo ya zamani." Akanirudishia daftari. Alistaafu akaenda kijijini kwake kulima uwele.

Wakati huo nilikuwa na darasa la jioni pale shuleni, la watu wazima waliokuwa wanarisiti mtihani wa kidato cha nne. Walikuwa wanane. Mkubwa wao aliitwa Salehe, mtu wa reli, mzaliwa wa mjini. Babu wa babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani akaoa hapa, na ukoo wao haukuhama tena. Salehe alikuwa mtengeneza njia, mtu wa nyundo na kokoto, umri wake karibu arobaini, na mimi nilikuwa mdogo kwake. Hata hivyo nikiingia darasani alisimama wa kwanza. "Shikamoo, Mwalimu," anasema, na mimi naona haya. Nikamwambia, "Kaka Salehe, shikamoo yako mimi siiwezi." Akajibu, "Mwalimu, siisalimii miaka yako. Nasalimia chaki."

Aliniambia tangu mwanzo kilichomleta. Kazini kwao maneno ya kupunguza watu yalikuwa yameanza, kama yalivyoanza kila mahali miaka ile. Walikuwa wameambiwa kwamba katika magenge ya njia watabaki wachache, na mtu mwenye cheti cha kidato cha nne chenye hisabati iliyofaulu ndiye atakayebakishwa awe msimamizi. Salehe alikuwa na cheti chenye masomo yote isipokuwa hilo moja. Alikuwa na watoto wanne. Mtihani ulikuwa mwisho wa mwaka huo, na alisema wazi kwamba akifaulu anabaki, asipofaulu hana pa kushika.

Mada iliyokuwa ngumu kwao ilikuwa trigonometria, ile ya pembe na vimo. Nikasema hii nitawafundisha kisasa. Nilitengeneza kipima mwinuko kwa protrakta, mrija wa soda, na uzi wenye kokoto inayoning'inia, nikawapeleka stesheni kwenye tangi la maji, lile la chuma juu ya nguzo. Tukapima mita ishirini kutoka chini yake. Ili urefu wa mtu usituharibie hesabu, tuliamua mpimaji alale chini jicho lake liwe usawa wa ardhi. Salehe ndiye aliyelala, na shati lake la kazi, mbele ya wenzake wa reli waliokuwa wanachungulia wakicheka: "Salehe, elimu imekuangusha?" Uzi ukasoma nyuzi thelathini na tano. Nikawaambia waende nyumbani watafute kimo cha tangi, waniletee.

Nyumbani nikabonyeza kikokotoo. Tanjenti mara ishirini. Mita 12.3. Nikaiandika kwenye karatasi ya majibu kwa wino.

Karatasi zikaja. Vijana wawili wa mbele, ambao walizoea kuazima kikokotoo changu, walipata 12.3. Wale sita wengine waliotumia majedwali walipata 14.0. Wote sita, jibu moja. Na lilikuwa jambo la wiki ya tatu sasa, kwamba watu wa majedwali wanakosea na watu wa mashine wanapata. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapopaona mpaka leo nikifumba macho. Badala ya kujiuliza kwa nini watu sita wanaoishi mitaa sita wakosee kosa moja, nilijijibu haraka: wamenakiliana. Na nani anayeketi katikati? Nani mkubwa wao, anayewasaidia wote? Nikachora mkasi mwekundu, alama ya kosa, kwenye karatasi ya Salehe, nikaandika chini yake: *12.3. Acha kuwapa wenzako majibu.* Na darasani nikalisema kwa mdomo, mbele ya wote.

Salehe alisimama. Alikuwa na tabia ya kusimama akisemeshwa. "Nimekusikia, Mwalimu," akasema, akaketi.

Wiki iliyofuata hakuja. Mara ya kwanza nikasema ana zamu. Mara ya pili ule wasiwasi wangu wa zamani ukarudi kugonga mlango. Fomu za mtihani zilikuwa kwangu, na kila mtahiniwa alitakiwa kuweka saini yake mwenyewe. Saba walikuwa wameshasaini, na zao nilishazipeleka. Ofisi ya kupokea fomu ilikuwa inafunga Ijumaa saa sita mchana, na siku ya Alhamisi fomu ya Salehe ilikuwa bado tupu. Nikafunga kanga, nikaenda kwake.

Nilipiga hodi nikakaribishwa na mkewe, Mama Rehema, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Akanitandikia mkeka. Nilipoinua macho nikaona ukuta mzima wa sebule umebandikwa karatasi kwa uji wa ugali. Zilikuwa karatasi za mazoezi niliyosahihisha mimi. Salehe alikuwa amewaambia watoto wake kwamba atabandika zote, nzuri na mbaya, wajue kwamba baba anasoma kama wao. Zile za mwanzo zilikuwa na vema tupu. Za wiki tatu za mwisho zilikuwa nyekundu. Na ya mwisho kabisa, usawa wa macho ya mtoto, ilikuwa ile ya tangi, na maneno yangu chini yake.

"Kaka Salehe yuko?" nikauliza.

"Yuko na genge kule Ihumwa, Mwalimu. Mpaka Jumapili."

"Fomu yake ya mtihani lazima aisaini kabla ya kesho mchana."

"Alisema hatajaza. Alisema hisabati imemkataa." Akawa anakunja na kukunjua pindo la ushungi wake. "Mwalimu, nikikuuliza kitu hutakasirika?"

"Uliza, mama."

"Lile tangi. Yeye analijua, ndiye aliyelipaka rangi mwaka juzi. Uliposema kumi na mbili, Jumamosi akapanda tena na kamba, mimi nimeshika ncha chini. Fundo la kumi na nne lilikuwa hapa, mkononi mwangu. Akashuka akaniambia tupime tena, labda tumekosea. Tukapima tena. Kumi na nne." Akanitazama usoni bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujua tu. "Mita za shule ni nyingine?"

Kamba yenyewe ilikuwa imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, ina fundo kila mita. Akanipa. Nilihesabu mafundo nikiwa nimeketi pale mkekani, na kila fundo lilinipandisha jasho. Kisha nikafungua mkoba, nikatoa majedwali ambayo nilikuwa sijayafungua kwa wiki kadhaa. Tanjenti ya nyuzi thelathini na tano: 0.7002. Mara ishirini, kumi na nne. Nikatoa kikokotoo, nikabonyeza. 0.6128. Nikabonyeza tena. 0.6128.

Hapo ndipo nilipokitazama kioo chake vizuri, na kule juu pembeni, kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, nikaona alama ambayo sikuwahi kuiona. Walimu, mnajua kwamba kikokotoo kinaweza kugawa pembe kwa namna tatu. Kwa ile yetu, pembe mraba ina nyuzi tisini. Kwa nyingine, ambayo hapa kwetu hatuitumii kabisa, pembe mraba hiyohiyo imekatwa vipande mia. Kuna kitufe kimoja cha kubadili. Kwa wiki tatu nilikuwa naipa mashine nyuzi zangu, yenyewe inazisoma kama vile vipande. Na aliyekibonyeza kitufe hicho nilikuwa mimi, kwa pindo la kanga, nikifuta vumbi. Pembe nyepesi, thelathini na sitini, tulikuwa tunazijua kwa kichwa, sikuwa na haja ya kuziuliza. Ningeiuliza hata moja ningegundua siku ya kwanza.

Nililia mbele ya Mama Rehema. Yeye akadhani ana kosa, akaanza kuniomba radhi.

Jioni ile fomu ilikuwa mezani kwangu na kalamu kando yake. Saini ya Salehe niliifahamu. Ilikuwa rahisi, herufi tatu na mkia. Mtu mwingine angeiweka mwenyewe na dunia ingeendelea. Mimi niliogopa. Mpaka leo sijui kama uliokuwa unanizuia ulikuwa uaminifu au ni woga wangu wa siku zote, na msije mkanisifu kwa hilo.

Ijumaa alfajiri nilikuwa stesheni nikimbembeleza dereva wa kiberenge, kile kigari cha reli cha kubebea mafundi. Aliposikia ni kwa ajili ya Salehe akanipa nafasi. Tulifika Ihumwa jua limeshapanda. Genge lilikuwa njiani linashindilia kokoto chini ya mataruma. Salehe aliponiona akaweka nyundo chini, akasimama vilevile anavyosimama darasani.

"Shikamoo, Mwalimu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tangi ni mita kumi na nne." Wenzake wakaacha kazi. Nikaona bora wasikie, maana nilimwaibisha mbele ya watu. "Wewe ulipata. Wote sita mlipata. Niliyekosa ni mimi, wiki tatu, na hukumpa mtu jibu lolote. Naomba unisamehe, kaka yangu."

Alifuta mikono kwenye suruali, taratibu. "Mimi nilijua ni kumi na nne," akasema.

"Ulijua! Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, Mwalimu? Wewe ndiye mwalimu. Na mashine ile si ya hapa, imetengenezwa na wenye akili zao. Nikasema labda kamba imevutika. Nikapima tena. Nikasema labda tangi linadidimia." Genge likacheka, na yeye akacheka kidogo. "Mwisho nikaona aliyebaki wa kukosea ni mimi."

Akasaini fomu juu ya ubapa wa sepetu, na kidole cha grisi kikabaki pembeni ya karatasi. Nikarukia kiberenge. Na njiani tukawekwa pembeni kupisha treni ya mizigo. Nilikaa juu ya kile kigari katikati ya miiba nimeishika fomu kwa mikono miwili, natazama saa yangu, natazama reli, natazama saa. Treni ilipita taratibu sana, behewa baada ya behewa, na mimi nayahesabu kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Kutoka stesheni mpaka ofisini nilikimbia, mimi mwanamke mzima. Karani alikuwa anafunga kufuli. Alikuwa mtu mwema, alinionea huruma, lakini muda uliotangazwa ulikuwa umepita na bahasha zilikuwa zimeshaondoka na basi la kwenda Dar es Salaam. Akanirudishia fomu. Ilikuwa imelowa jasho langu.

Wale saba walifanya mtihani ule. Salehe hakuufanya. Majina ya waliopunguzwa yakabandikwa kazini kwao miezi michache baadaye, na lake lilikuwemo.

Nilikwenda kijijini kwa Mwalimu Ndahani kumwambia, nikitaka anifokee. Alikuwa anapepeta uwele uani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Kadirio?" Nikatikisa kichwa. Akanifungia uwele kidogo kwenye kitambaa nikaondoka nao.

Tangu hapo sikuziacha mashine, bali nilizifundisha adabu. Kompyuta zetu za kwanza zilipofika, za msaada, zikawekwa kwenye chumba chenye nondo madirishani na ufunguo ukakaa kwa mkuu wa shule kama ufunguo wa benki. Mimi nilipiga kelele mpaka wanafunzi wakaruhusiwa kuzigusa. Lakini kila muhula nilikuwa nachukua vikokotoo kumi vya darasa, naharibu mpangilio wa viwili makusudi, simwambii mtu. Kisha nasubiri. Mwanafunzi akisimama na kusema, "Madam, hiki kinanidanganya," tunampigia makofi darasa zima. Jaribuni hilo kwa hizo simu zenu. Mtoto akishaikamata mashine ikidanganya mara moja, haiogopi tena, na wala haiabudu. Na kadirio lilirudi pembeni ya daftari, kwa penseli, likabaki mpaka nilipostaafu. Mkaguzi mmoja aliniambia ni la kizamani. Nikamwambia ndiyo.

Niliwaambia pia wanafunzi wangu wote, kila mwaka siku ya kwanza, kwamba mwalimu akisema kumi na mbili na kamba yako inasema kumi na nne, unyooshe mkono. Wengi hawakunyoosha. Heshima tuliyowalea nayo ni nzito, na sijui hata sasa namna ya kumwondolea mtoto woga bila kumwondolea adabu. Hilo nawaachia ninyi. Ndilo linalonikosesha raha zaidi.

Salehe alirudi darasa la jioni mwaka uliofuata. Hakuwa na kazi tena ya kuiokoa. Alikuwa akiwasaidia wapima viwanja kule Miyuji, anavuta kamba na kushika vigingi, kibarua cha leo na kesho hakuna. Alikuja na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa palepale katikati, akafanya mtihani, na matokeo yalipotoka alikuwa na C ya hisabati.

Alikuja nyumbani kwangu na cheti ndani ya bahasha. Nilikishika, na wote wawili tulijua kimechelewa kwa mwaka mmoja na treni moja ya mizigo. Nikaanza tena kuomba radhi. Akanizuia kwa mkono, akaingiza vidole kwenye bahasha ileile, akatoa karatasi nyingine, imekunjwa, ina alama za uji mkavu kwenye kona zake nne.

"Mwalimu, kalamu nyekundu unayo?"

Nikaileta. Akaikunjua karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. Nikakata ule mkasi wangu, nikaweka vema, kubwa. Nikafuta maneno niliyoandika chini yake, neno kwa neno, nikaandika *Sahihi, mita 14.0*, nikatia saini yangu na tarehe. Vema ilitoka imepinda.

Salehe aliipuliza mpaka wino ukauka. Kisha akaikunja, na kile cheti akakiacha mkononi mwangu kwanza, akashughulika kuitia hiyo karatasi mfuko wa shati, upande wa moyo, akaufunga kifungo.

"Hii narudi kuibandika," akasema. "Watoto wanapita pale kila siku."